Vigari vya Katuni Katika Nchi ya Dhahabu

Historia ya Usukuma, kama tulivyofundishwa darasani, ni historia ya mambo mazito. Pamba na vyama vya ushirika. Almasi ya Mwadui, aliyoigundua John Williamson mwaka 1940. Dhahabu ya Geita, iliyochimbwa tangu enzi za mkoloni hadi mgodi ukafungwa mwaka 1966, kisha mgodi mwingine mkubwa ukafunguliwa mwaka 2000. Watemi, ng'ombe, njaa na mvua. Ni historia ya watu wazima walio kazini. Lakini ndugu msomaji, hebu jiulize: watoto wao walikuwa wapi, na walikuwa wakicheza nini?

Mimi nitajibu kwa kupitia gemu moja tu. Jina lake ni Crash Team Racing, mbio za vigari vinavyoendeshwa na katuni. Iliundwa na kampuni ya Naughty Dog ya California, na Sony wakaitoa mwaka 1999 kwa ajili ya mashine ya PlayStation. Najua wapo watakaoguna. Fasihi na magemu wapi na wapi? Nawaomba subira. Katika kibanda kimoja cha gemu pale Kahama, mwanzoni mwa miaka ya 2000, yalikutana mambo matatu ambayo vitabu huyaweka mbalimbali: sera ya nchi, dhahabu iliyo chini ya ardhi, na sarafu iliyo mkononi mwa mtoto. Nilikuwapo. Na mwaka huu nimeirudia gemu ile kwa macho ya mtu mzima, kona kwa kona, nikaona yaliyokuwa yakitupita wakati ule tukipigania zamu.

Skrini iliyochelewa

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini. Televisheni nayo haikukaribishwa. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini huku Bara hapakuwa na kituo hata kimoja. Hoja ya wakubwa ilikuwa kwamba hiyo ni anasa ya wachache wa mjini, na nchi ina mambo ya kwanza kabla ya anasa: shule, maji, zahanati. Unaweza kuicheka hoja hiyo leo ukiwa na simu mfukoni, lakini haikuwa hoja ya kijinga. Ilikuwa hoja ya nchi maskini iliyokuwa ikihesabu kila dola.

Mwaka 1985 akaingia Mzee Mwinyi, na watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Biashara zikafunguliwa. Mitumba ikarudi, redio kaseti zikajaa, deki za video zikaingia. Mwaka 1994 ITV ikaanza kurusha matangazo, na Bara nayo ikawa na televisheni. Lakini kwa sisi wa Kanda ya Ziwa skrini haikuja kwa njia ya antena. Ilikuja kwa njia ya kibanda umiza: chumba cha mabati au magunia, mabenchi ya mbao, joto la kukausha dagaa, na filamu ya Kihongkong au ya Kihindi ikitafsiriwa na sauti ya Lufufu, ambaye alikuwa haishii kutafsiri, bali anaongeza chumvi mpaka filamu inakuwa yake.

Hapo ndipo mlango wa magemu ulipofunguka. Mwenye kibanda alikwisha kuwa na televisheni na benchi. Mchana hakuna anayeingia kutazama filamu isipokuwa watoro. Basi akitafuta mashine ya gemu, televisheni ile ile inaingiza fedha mchana na usiku.

PlayStation ya kwanza iliuzwa Japani Desemba 1994. Mwaka 2000 Sony wakatoa PlayStation 2, na zile za kwanza zikawa kama koti lililopitwa na fasheni huko Ulaya. Unajua koti lililopitwa na fasheni huishia wapi. Mashine zikaja kwetu mtumba, zikiwa tayari zimefunguliwa na fundi na kuwekewa kichipu kidogo cha kuzifanya zikubali sidii za kunakili. Bila kichipu kile makala hii isingekuwapo, maana hapakuwa na mtu mtaani kwetu wa kununua sidii halisi. Tulipata dunia kwa nakala, kama tulivyopata muziki kwa nakala na vitabu kwa fotokopi. Sitetei wala silaani. Naeleza jinsi mambo yalivyofika.

Sarafu ya faru

Sasa tuitazame dhahabu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, katika wilaya ya Kahama ya wakati ule, ili kupisha mgodi mkubwa. Yaliyotokea siku zile yamebishaniwa kwa miaka mingi, na sina nafasi ya kuyamaliza hapa. Mwaka 2001 mgodi ukaanza uzalishaji. Mwaka mmoja kabla, Geita nao walikuwa wameanza. Njia kubwa ya umeme ikavutwa kutoka Shinyanga hadi Bulyanhulu, ikapita juu ya vijiji vilivyokuwa vikiwasha vibatari.

Kahama ikachemka. Kila palipo na rashi kuna watu wa aina mbili: wanaofuata dhahabu, na wanaowafuata wanaofuata dhahabu. Mama ntilie, fundi baiskeli, muuza betri, mwenye baa, dada wa saluni. Katika msafara huo wa pili mwenye kibanda cha gemu alikuwa wa mwisho, lakini alifika. Alifika Kahama, alifika Geita mjini, akafika hata Kakola, jirani kabisa na mgodi.

Biashara ilikuwa hivi. Televisheni chogo moja au mbili. PlayStation moja kwa kila televisheni, imegeuzwa juu chini, maana jicho la kusomea sidii likichoka husoma vizuri mashine ikilala kifudifudi. Pedi mbili, moja ikiwa na kitufe kilichozama. Juu ya mlango kipande cha boksi chenye maandishi ya makaa: HAKUNA KUKOPA. Mbio moja shilingi hamsini, ile sarafu yenye faru. Mechi ya mpira mia, ile yenye swala, kwa kuwa mpira ulichukua muda mrefu. Wawili wanakaa, anayeshindwa ananyanyuka, anayeshinda anabaki na kumngoja mwingine aje na faru wake. Umeme ukikatika katikati ya mbio, hela hairudi. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini ilijulikana kuliko Katiba. Mwaka 2006, nchi ilipoingia katika mgao mkali, tulipoteza faru wengi kwa njia hiyo.

Hesabu iangalie vizuri. Wakubwa walicheza mpira na ngumi, yaani Winning Eleven na Tekken 3. Mbio za vigari zilikuwa za wadogo, kwa sababu mbili: zilikuwa nusu ya bei, na katuni zilionekana za kitoto. Ndiyo maana gemu hii ikawa ya watoto wa darasa la tatu hadi la saba, na ya wale ambao walipaswa kuwa darasani lakini hawakuwapo. Hao nitawarudia.

Gemu yenyewe

Kwa asiyeijua: mhusika mkuu ni Crash, bandikuti, mnyama mdogo wa Australia. Kwetu alikuwa "Panya", basi. Dingodile, nusu mbwa mwitu wa Australia na nusu mamba, alikuwa "Mamba". Polar alikuwa "Dubu". Ukianza unapewa wahusika wanane. Wengine saba wanafunguka kwa ushindi, na ushindi unahifadhiwa katika memori kadi, kidude cha kilobaiti 128 tu. Picha moja ya simu ya leo haiingii humo.

Unaendesha kigari katika njia yenye mizunguko mitatu. Unaokota matunda, ukifikisha kumi silaha zako zinakuwa kali zaidi. Unagonga masanduku, na kila sanduku linakupa kitu usichokijua: roketi, bomu, chupa ya sumu, kinyago cha kukulinda. Hiyo ndiyo sehemu ya bahati.

Halafu kuna sehemu ya ustadi, na hapa ndipo wanaume walipopimwa. Ukifika kwenye kona unabonyeza R1, kigari kinaruka kidogo, unashikilia, kinaserereka kwa ubavu. Mshale wa kasi unapanda. Moshi unabadilika. Ukibonyeza L1 wakati uleule, si kabla wala si baada, kigari kinapata msukumo. Katika kuserereka kumoja unaweza kupata misukumo mitatu. Ukichelewa injini inakohoa na mwenzako anakupita akicheka. Hakuna maandishi kwenye skrini yaliyotufundisha kwa lugha tuliyoielewa. Kingereza chetu kilikuwa cha "good morning teacher". Tulifundishana kwa kutazama vidole. Aliyeijua kona alikuwa mwalimu, hata kama nyumbani kwao hakuna redio.

Sony hawakuwa wa kwanza kubuni mbio za namna hii. Nintendo walitoa Super Mario Kart mwaka 1992 na kuweka misingi: katuni, vigari, skrini iliyogawanywa nusu kwa nusu. Lakini mashine ile haikutufikia mtaani kwetu, na kwetu aliyefika ndiye aliyeanzisha.

Nilipoirudia mwaka huu kwenye mashine ya zamani na televisheni chogo ya fundi mmoja, jambo la kwanza lililonigusa ni ufukara wa picha. Miti ni vipande vya karatasi. Uso wa Crash una pembe kama jiwe lililopasuliwa na nyundo. Utotoni nilikuwa nimeujaza mwenyewe. Jambo la pili ni kwamba kona haijazeeka. Vidole vilikumbuka kabla ya kichwa. Nikaelewa kuwa katika michezo kinachozeeka ni sura, na kipimo hubaki, kama vile baiskeli za Shinyanga: rangi imebanduka, lakini mlima wa kuupanda ni uleule.

Jambo la tatu ni yule "Mtemi". Miongoni mwa wahusika wa kufungua kuna Papu Papu, mtu mnene, chifu wa kisiwani, mwenye manyoya kichwani na sauti ya kukoroma. Tulimwita Mtemi na tulicheka hadi machozi. Sasa mtazame ukiwa umesoma historia. Huyo ni chifu wa kuchekesha alivyobuniwa na watu wa mbali, mjinga, mlafi, mwenye usingizi. Na sisi tuliokuwa tukimcheka tulikuwa tumekaa katika nchi ya watemi halisi. Kidaha Makwaia, mtemi wa hapa hapa Shinyanga, aliingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1945, akiwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuketi humo. Mwaka 1963 nchi huru ikafuta mamlaka ya machifu. Miaka arobaini baadaye mtoto wa Kisukuma aliweza kumtambua mtemi wa katuni asijue jina hata moja la mtemi wa babu zake. Gemu haikuyafuta majina hayo. Ilikuta nafasi tupu, ikakaa.

Mgodi wa kwenye skrini

Katika nchi ya barafu ya gemu hii kuna njia iitwayo Dragon Mines. Ni mgodi. Unaingia ndani ya mlima, njia inazunguka kama ganda la konokono, na vigari vya reli vya kubebea mawe vinakatiza mbele yako. Usipokuwa mwangalifu vinakuponda.

Watoto wa mjini waliiona njia ngumu tu. Lakini pale kibandani palikuwa na wavulana waliotoka machimboni, na wao waliisimulia tofauti. Walibishana na skrini. Mbona hakuna matimba? Mlima mkubwa hivi unashikiliwa na nini? Mbona hakuna maji ya kuvuta? Mbona hakuna kamba ya kushukia? Mmoja wao, mdogo kuliko mimi kwa umbo, alisema kwamba mgodi wenye mwanga kiasi kile ni wa wazungu, kwenye duara lenyewe huoni hata mkono wako. Tukacheka. Yeye hakucheka.

Hapa ndipo penye uzito wa makala hii. Wale wavulana walilipa kwa fedha yao. Sisi tulilipa kwa chenji ya dukani, kwa kuuza chupa, kwa hamsini ya shule isiyofika shule. Wao walilipa kwa kuponda mawe, kubeba viroba hadi kwenye karasha, kuosha mchanga, na wengine kuchanganya zebaki kwa mikono mitupu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania, na Geita na Kahama zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotajwa: watoto wanaoshuka mashimoni, wanaofanya kazi saa nyingi, wanaovuta moshi wa zebaki inapochomwa. Ripoti iliposhangaza watu mjini, sisi tulikuwa tumeketi na watoto hao benchi moja miaka kumi nyuma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini. Sheria ilikuwa Dodoma. Karasha lilikuwa Kakola.

Wazazi na walimu walikuwa na hukumu yao juu ya vibanda: ni mapango ya utoro. Viboko vilitembea. Siwezi kusema walikosea kabisa, maana shule zilipoteza watu pale. Lakini hukumu hiyo ilimwona mtoto aliyetoka darasani akaenda kibandani, haikumwona aliyetoka shimoni akaenda kibandani. Kwa huyu wa pili kibanda hakikumtoa utotoni, kilimrudisha. Kwa dakika tatu alikuwa mtu wa miaka kumi na moja akigombana juu ya dubu. Hakuna mahali pengine katika mji ule wenye dhahabu palipomuuzia kitu hicho, na bei ilikuwa faru mmoja.

Iko na hadithi yenyewe ya gemu. Mgeni kutoka sayari nyingine, Nitros Oxide, anashuka na kutangaza mashindano: asipopatikana wa kumshinda, dunia nzima itasawazishwa iwe maegesho ya zege na wenyeji wake wawe watumwa. Mgeni mwenye mashine za kasi, ardhi kusawazishwa, wenyeji kupewa masharti wasiyoyatunga. Sisemi kwamba watunzi wa California waliifikiria Bulyanhulu. Nasema kuwa yule mvulana wa Kakola, ambaye wazazi wake walihama mwaka 1996 na vyombo kichwani, aliielewa hadithi hiyo bila mkalimani.

Waliokuwa wakitazama

Kibanda kilikuwa na wachezaji wawili na watazamaji ishirini. Mtu wa nje angesema ishirini hao wanapoteza muda. La hasha! Wao ndio waliokuwa mchezo.

Usukuma unajua jambo hili tangu zamani. Katika isolo, bao letu, wanaocheza ni wawili, lakini pembeni wamesimama wazee wanaohesabu kete kabla hazijapandwa, wanaoguna, wanaonyoosha kidole na kukemewa. Katika ngoma ndiyo usiseme. Bagika na Bagalu, makundi mawili makuu ya ngoma za Kisukuma, hushindana kila upande na uwanja wake, na anayeamua mshindi ni umati: unakohamia watu ndiko kuliko na ushindi. Mchezaji akipoteza watu amepoteza ngoma, hata awe fundi vipi.

Kibandani ilikuwa hivyo hivyo. Palikuwa na upande wa Mamba na upande wa Panya. Ukiwa bingwa lakini unacheza kwa woga, huserereki, unangoja mwenzio aanguke, benchi lilikuhama. Nimeona mtu akishinda mbio na kuzomewa, na aliyeshindwa akinunuliwa karanga. Sheria hiyo haimo ndani ya sidii. Ilitoka uwanjani kwa Bagika na Bagalu, ikapita mlango wa mabati, ikakaa juu ya mashine ya Kijapani kama kwamba iliundwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo anayesema kuwa magemu yalituletea utamaduni wa kigeni ameona nusu. Mashine ilikuwa ya kigeni. Namna ya kuicheza ilikuwa ya kwetu.

Kutoka kona hadi bahati

Baada ya mwaka 2010 vibanda vilianza kupungua. Simu ziliingia, PlayStation 2 na za baadaye zikahamia sebuleni kwa wenye nacho, na Sony walikuwa wameacha kuunda ile ya kwanza tangu mwaka 2006. Mikoa nayo ikabadilika: mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Mgodi wa Buzwagi, ulioanza kuzalisha jirani na Kahama mwaka 2009, ukasimama mwaka 2021. Mambo yanakuja na kwenda. Mji wa dhahabu huzoea.

Lakini tazama kilichokaa mahali pa vibanda. Pita leo katika senta nyingi za ukanda huu utaona mashine za kutumbukiza sarafu, zile ambazo watu huziita za Kichina, na maduka ya kubeti yenye skrini nyingi kuliko tulizowahi kuota. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inawakataza walio chini ya miaka 18. Nenda ukahesabu mwenyewe urefu wa waliosimama mbele ya mashine.

Nilipoirudia gemu yangu nililiona tofauti moja ambayo utotoni haikunipa shida. Masanduku yale ya bahati hayagawi sawa. Anayeongoza hupewa vitu vidogo vidogo: chupa, bomu la kuacha nyuma. Aliye nyuma kabisa ndiye hupewa vitu vikubwa, saa ya kuwapunguza wote kasi, kinyago cha kumkimbiza mbele. Watunzi walifanya makusudi ili mbio zisife. Bahati ilikuwa upande wa aliyeachwa. Halafu, bahati ikishakusaidia kusogea, bado kuna kona mbele yako, na kona haina bahati. Lazima uijue.

Mashine ya sarafu imegeuza yote mawili. Bahati yake iko upande wa mwenye mashine, maana hesabu yake imepangwa ili mwisho wa siku abakie na fedha. Na kona hakuna. Hakuna cha kujifunza. Mtu anaweza kusimama pale miaka kumi na kubaki alivyokuwa siku ya kwanza, isipokuwa maskini zaidi. Hakuna mdogo wako utakayemfundisha kwa kumwonyesha vidole. Hakuna benchi litakalokushangilia kwa namna ulivyoshindwa.

Utaniambia, ndugu, kwamba dhahabu yenyewe ni bahati, na watu wa ukanda huu wamezaliwa wakibahatisha. Nakataa. Muulize mchimbaji mkongwe wa Nyarugusu. Atakwambia jinsi ya kusoma mwamba, jinsi ya kupanga matimba, sauti ya jiwe linalotaka kuanguka. Bahati ipo, lakini wanaorudi juu wakiwa hai wanarudi kwa ustadi. Ni sisi wa juu tunaoona bahati tu, kwa sababu tunaona anayejenga ghorofa na hatuoni kona alizopita.

Kitu cha kutunza

Mwaka 2019 gemu hii ilitengenezwa upya na kutolewa kwa mashine za kisasa. Njia zote zimerudi, Dragon Mines nayo imo, picha zinang'aa. Watu wa Marekani na Ulaya wakaandika kurasa kwa kurasa wakikumbuka sebule zao, zulia, kaka mkubwa, Krismasi. Ni haki yao. Lakini katika kumbukumbu hizo hakuna kibanda cha mabati, hakuna mashine iliyogeuzwa juu chini, hakuna mvulana anayeuliza matimba yako wapi. Ukiwaachia wao historia ya gemu hii, sisi hatukuicheza.

Wala hatuna pa kwenda kuitafuta. Sidii zimechunika. Memori kadi zimekufa na ushindi wetu wote ndani. Wenye vibanda wamehama, wengine wamefungua maduka ya vocha, wengine wako Makaburini. Televisheni chogo zimevunjwa kwa ajili ya shaba.

Na usiniambie kwamba michezo haitunziki. Pale Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, Padre David Clement kutoka Kanada na Wasukuma wenzake walianzisha makumbusho ambamo ngoma, vyombo na mambo ya Bagika na Bagalu yamehifadhiwa. Wakati ule nao walikuwapo waliosema kwamba ngoma ni upuuzi wa vijana, zinawatoa watu mashambani. Leo profesa anapanda ndege kuja kuzitazama. Upuuzi wa vijana, ukitunzwa, huwa elimu ya wajukuu.

Basi, vijana wenzangu mnaoshika kalamu, neno langu ni hili. Mnatuletea mashairi ya mapenzi ya Dar ambayo hamjaishi, na hadithi za majambazi wa kwenye filamu. Sawa, kila mtu na mwanzo wake. Lakini mtaani kwenu, kama ni Kahama, Geita, Maswa au Ngokolo, kuna mtu aliyekuwa na kibanda. Mtafuteni kabla hajasahau bei. Muulizeni mashine ilitoka kwa nani, umeme alivuta wapi, nani walikuwa mabingwa, na wale watoto waliokuja na vumbi la karasha kwenye kope walikwenda wapi. Andikeni majibu kama alivyoyasema, kwa maneno yake, na sarafu zake, na matusi yake kama hayana budi.

Yule mvulana wa matimba sijamwona tena tangu mwaka 2005. Sijui kama alirudi shule au alirudi shimoni. Ninachojua ni kwamba kona ya mwisho ya Dragon Mines aliikata kwa misukumo mitatu, mwanzo hadi mwisho, bila kugusa ukuta, na benchi zima lilisimama.